Stika Zilizotakiwa Kuchomwa

Zilikuwa zimelala kwenye kopo la biskuti, nyuma ya kabati la nguo, tangu enzi hizo mkewe yuko hai na magoti ya Mzee Brashi bado yanamtii. Siku alipolifungua kopo lile, harufu iliyomrukia puani ilikuwa ya gundi kuukuu na karatasi iliyokosa hewa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, kopo mapajani, akaiinua karatasi ya juu kwa ncha za vidole kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka.

Stika za gari. Si hizi za siku hizi za kubandua na kubandika, mvua mbili zinaanza kukunja ncha. Hizi zilikuwa stika za maji: unailowesha karatasi, picha inajivua yenyewe, unaitelezesha mpaka mahali pake, unaikamua maji kwa sponji, basi, imeganda hapo kama imezaliwa hapo. Kila karatasi ilikuwa na seti nzima ya gari moja. Nembo mbili za milangoni, mistari ya dhahabu ya ubavuni, na ile ndogo ya ndani ya boneti, ya kumwambia fundi mafuta gani yaingie kwenye kopo la breki. Mkewe ndiye aliyezichapa, kwa mkono, rangi moja baada ya nyingine, katika chumba cha uchapaji cha halmashauri kisichokuwa na dirisha.

Na zote, zikiwa bado zinanukia rangi, ziliamriwa zichomwe.

"Choma zote," alisema Bosi wa karakana siku hiyo, hata macho hakuinua. "Sitaki kuona hata moja."

Hakutoa sababu. Wakubwa ndivyo walivyo, sababu wanawapa wakubwa wenzao. Mzee Brashi, ambaye wakati huo alikuwa mpaka rangi tu na hana uzee wowote, alizibeba mpaka kwenye pipa la moto, akachoma nusu, nusu akaziingiza ndani ya shati. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe analia. Chakula hakukigusa. "Amekutukana?" aliuliza. Mkewe akatikisa kichwa. "Bosi hana kosa. Achana nayo." Mumewe akaona huo ni woga wa mtu mwenye kibarua cha kugombewa. Kopo akalificha bila kumwambia, na chuki akaianza siku hiyo hiyo. Mkewe alipokuja kuugua figo, na gari la ofisi lililoahidiwa lisionekane mpaka jua linazama, chuki ile ikapata pa kulala na pa kuamkia. Alimzika mkewe, akabaki na mtoto wa kiume na jina la Bosi mdomoni.

Mtoto sasa alikuwa mtu mzima, dereva wa halmashauri hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyeleta habari.

"Baba, wanamfufua Bibi."

Bibi lilikuwa gari, si mtu. Gari refu jeusi la kupokelea wageni, limeoza nyuma ya karakana miaka nenda rudi, kuku wanatagia kwenye viti. Sasa halmashauri ina sherehe ya kukumbuka kuanzishwa kwake, na Katibu, kijana wa suti na simu mbili, ameamua Bibi aongoze maandamano kushuka mteremko mpaka uwanjani.

"Nani ataendesha?"

"Unamwona hapa mbele yako." Dereva akacheka. "Rangi imeshapigwa, raba za breki mpya zimekuja, injini inakohoa kidogo lakini inapumua. Ila stika. Mama Grisi anasema hakuna duniani. Nikakumbuka zile za mama. Usijifanye hujui, nilikuwa naliona lile kopo nikifagia."

Mzee Brashi akaguna. Lakini ndani yake kitu kilisimama wima. Kazi ya mkewe, ile waliyoitupa motoni, itapita mbele ya watu wote ikiwa juani. Na waliotaka ichomwe waitazame.

"Zimezeeka," alisema. "Sijui kama zitakubali."

Wakazijaribu sebuleni, yeye na mwanawe na Mama Grisi, fundi wa kike mwenye mikono kama koleo na mdomo usiojua kunong'ona. Mzee alikata kipande cha pembeni, nyota ndogo isiyo na kazi, akakitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Wote watatu wakainama juu ya bakuli. Nyota ikalegea, ikajiinua kidogo, halafu ikapasuka vipande vipande kama ganda la yai, vikazagaa juu ya maji.

"Haya," Mama Grisi akasema. "Poleni kwa msiba."

"Nyamaza kwanza." Mzee alikuwa ameshakwenda kutafuta varnishi. Alijua dawa yake: utando umekauka, hauna nguvu ya kujishika wenyewe, basi mpe ngozi mpya juu yake. Akapaka karatasi nyingine varnishi nyepesi, mkono mmoja tu bila kurudia, akaiacha ikauke. Ule umanjano wa uzee nao aliutafutia jua. Alizibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, uso nje, na jua likawa linaunyonya kila siku mpaka nyeupe ikarudi kuwa nyeupe. Waliporudi kwenye bakuli, nyota ya pili ilivuka maji nzima, ikateleza kwenye kidole chake, laini, ang'avu, hai kabisa.

Dereva alipiga makofi. "Mama huyo!"

Mzee Brashi akailaza nyota juu ya kitambaa, akaikamua maji kwa kidole gumba.

"Ni nzuri," Mama Grisi alikiri. Kisha akakunja uso. "Hivi kwa nini walitaka zichomwe?"

"Roho mbaya."

"Roho mbaya inachoma barua za mapenzi, mzee wangu. Kuchoma kazi nzima ya ofisi, lazima kuna jambo."

"Humjui Bosi wewe."

"Simjui. Yuko hai?"

"Anangoja zamu yake, kitandani. Kapooza upande."

"Ningekuwa wewe ningemwuliza."

"Wewe si mimi," akamjibu, na maongezi yakaishia hapo.

Wakaenda karakana. Bibi alisimama katikati ya banda, mweusi, anameremeta mpaka unaona meno yako mlangoni. Mzee Brashi alifanya kazi yake akiwa amepiga goti, sponji mkononi, akiongea na karatasi chini chini. Nembo zikakaa. Mistari ikanyooka. Mwisho akaja kwenye boneti. Stika ile ndogo akaiteremsha juu ya bati lililokuwa uchi, akaikamua, akaipangusa. Maandishi mekundu juu ya utando mweupe: BREKI. TIA MAFUTA MEKUNDU TU.

Mama Grisi alikuwa ameliweka tupu kopo la mafuta ya breki akingojea hapo. Kwenye meza yake kulikuwa na madebe mawili, moja la mafuta mekundu na moja la mafuta ya kijani, maana magari ya ukoo wa Bibi yalikuwa ya namna mbili, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Kitabu cha gari kilishaliwa na mchwa. Ukikosea, alisema, hutajua siku hiyo. Breki itashika vizuri tu. Mafuta yanaingia kwenye raba taratibu, raba zinavimba, zinalainika kama maandazi kwenye chai, halafu siku moja unakanyaga na hakuna kitu.

Katibu akaingia, simu moja sikioni. "Bado tu? Shida nini?"

"Nachagua mafuta, bosi wangu."

"Stika inasemaje?"

"Mekundu."

"Sasa unangoja nini, malaika ashuke? Imeandikwa."

Mama Grisi alimtazama Mzee Brashi. Mzee akatazama stika ya mkewe. "Imeandikwa," naye akasema.

Mafuta mekundu yakamiminwa.

Siku chache zikapita bila neno. Bibi akazungushwa uwanjani mwa karakana, akasimama alipoambiwa asimame, na Katibu akapiga picha. Kisha, asubuhi ya siku moja kabla ya sherehe, Mama Grisi akamvizia Mzee Brashi langoni, anajifuta mikono kwa tambara kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Pedali ya breki imeanza uvivu," alisema. "Nimetoa upepo kwenye mabomba yake, ikakaza. Nimekunywa chai, nimerudi, imelegea tena. Nimemwambia Katibu niifungue yote nikague raba. Anasema nikiifungua leo haitafungwa, na sherehe ni kesho, na mgeni rasmi ameshapanga. Ameniambia kazi yangu imeisha, asante."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nenda kwa huyo Bosi wako. Umwulize tu. Ukimchukia, mchukie baada ya kumwuliza. Anayekaa kwenye usukani ule si mtoto wangu."

Mzee Brashi aliondoka kwa hasira, lakini miguu ilimpeleka kulekule. Nyumba ya Bosi ilikuwa na lango la chuma lililomomonyoka kutu chini, na ndani ilinuka dawa na mkojo. Msichana wa kazi alimwonyesha chumba, akaenda zake. Yule aliyekuwa akifanya watu wazima wafiche sigara kwa kikohozi chake tu alikuwa amelazwa ubavu kama gunia lililomwagwa nusu. Jicho moja lilikuwa likifanya kazi. Lilimtambua.

"Brashi."

"Nimekuja kukuuliza jambo moja, halafu nakwenda. Zile stika ulizoamuru zichomwe. Kwa nini?"

Maneno yalipotoka yalikuwa mazito, yametenganishwa na pumzi, lakini yalieleweka. Yalieleweka vizuri mno.

"Mkeo alikosea. Yalikuwepo magari mawili. Lile kubwa lililouzwa, la mafuta mekundu. Na hili, Bibi. Akaweka maneno ya lile kwenye karatasi za hili. Hili ni la kijani. Mekundu yanakula raba zake."

"Uongo."

"Kipindi kile wanapunguza watu. Wanatafuta kosa lolote. Alipiga magoti pale ofisini kwangu. Nikamwambia, nenda nyumbani. Nitasema mimi nimezichoka." Akavuta pumzi, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo. "Alisema usiambiwe. Ulikuwa unamsifu sana kwa watu. Nikaona, acha wanichukie mimi. Nimeshazoea."

"Na gari la kumpeleka hospitali? Nalo ulizoea?"

Jicho lilifumba, likafumbuka. "Hilo lilikuwa na mkurugenzi, harusini. Niliomba. Hilo ni letu, wakubwa. Hilo nichukie." Mkono mzima ukasogea juu ya shuka. "Brashi. Zilichomwa zote?"

Mzee Brashi akampa mgongo. Alitoka, akapita lango la kutu, akatembea barabarani kama mtu aliyepigwa konde la kichwani. Mwongo. Mwongo mkubwa, anakaribia kufa na bado anamtupia marehemu matope. Alijiambia hivyo njia nzima. Lakini kila alipolisema neno hilo, alimwona mkewe ameketi mbele ya sahani iliyojaa, anatikisa kichwa. Bosi hana kosa.

Nyumbani alimkuta Dereva anapiga pasi sare yake, anaimba bila kufungua mdomo. Kofia ilikuwa juu ya meza, imepigwa brashi mpaka inang'aa.

"Baba, njoo uone hii mikunjo. Hata nzi akitua atateleza."

"Naona."

"Unajua nilikuwa nawaza nini? Sura yake mimi siikumbuki vizuri. Naikumbuka mikono, ina rangi kwenye kucha. Kesho mama atapita barabarani, watu wote watamwona." Akageuza suruali upande wa pili. "Wewe ndiye uliyemtoa koponi, mzee. Asante."

Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Mzee Brashi akayameza, yakashuka kama mfupa. Akasema amechoka, anakwenda kujinyoosha. Alijinyoosha mpaka asubuhi, macho juu.

Siku ya sherehe jua liliwahi kutoka. Bendi ya shule ilijipanga mwanzo wa mteremko, watoto wa sare nyeupe, ngoma zinaning'inia shingoni. Nyuma yao Bibi alikuwa ametambaa taratibu kutoka karakana, njia yote tambarare, akasimama ukingoni kabisa, pua imeelekea chini, amesimamishwa kwa handbreki tu, ile ya waya isiyotumia mafuta. Kwenye viti vya nyuma walikaa wazee wastaafu, wanacheka kwa kubanana. Jua lilipiga nembo za mlangoni, na nyeupe yake ilikuwa nyeupe kuliko kitu kingine chochote barabarani.

Mama Grisi alikuwa nje ya kamba, amezuiwa na askari. Alimvuta Mzee Brashi mkono.

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza."

"Akasemaje?"

"Mgonjwa," akasema Mzee Brashi. "Maneno yake hayaeleweki."

Mama Grisi alimkazia macho. Mzee akapita chini ya kamba, maana alikuwa na kitambulisho cha mgeni, akasogea karibu na gari bila kujua anaenda kufanya nini. Mteremko ule alikuwa ameupanda na kuushuka maisha yake yote. Leo aliuona mrefu. Haukuwa na kona ya kukimbilia. Kulikuwa na kuta pande mbili, na katikati migongo midogo myeupe.

Katibu akainua mkono. Ngoma ikapigwa. Bendi ikaanza kushuka.

Akajikuta ameshika dirisha la dereva.

"Zima gari."

"Baba? Kuna nini?"

"Zima. Ile stika ya boneti ina kosa. Wakubwa waliichapisha vibaya, wakanyamaza. Bosi mwenyewe kaniambia. Mafuta yaliyomo siyo."

Dereva alimtazama, kisha uso wake ukalegea kwa kicheko cha mtu aliyesikia wimbo ule ule tangu utotoni. "Hata leo? Mzee, hebu wape wakubwa mapumziko siku moja."

Wastaafu nao wakacheka. "Brashi!" mmoja akaita kutoka nyuma. "Mvua isiponyesha si wakubwa? Jino likiuma si wakubwa?"

"Nakwambia wamekosea!"

"Sawa baba. Tukifika uwanjani utamwambia mkurugenzi. Sogea, vidole visije vikabanwa."

Mbele, Katibu alikuwa anapunga mkono, songa, songa. Mkono wa Dereva ukashuka kwenye handbreki. Mzee Brashi aliusikia ule mlio mdogo wa meno ya chuma yakijiandaa kuachia, na akaelewa kwamba neno lake halina thamani tena, amelitumia lote, miaka yote, kwa kitu kimoja. Lilibaki moja tu ambalo hajawahi kulisema.

"Ni mama yako."

Mkono ukasimama.

"Wakubwa hawakukosea. Mama yako ndiye aliyekosea. Aliandika mekundu mahali pa kijani. Ndiyo maana zilitakiwa zichomwe. Alimpigia Bosi magoti amfichie, na Bosi akamfichia. Mimi nikaziiba motoni. Nikakupa."

Kicheko cha nyuma kikakatika. Dereva hakumtazama baba yake. Alizima injini, akaliingiza gari kwenye gia, handbreki akaivuta mpaka ikalia. Kisha taratibu, kama mtu anayepima kina cha maji asiyoyajua, akaweka kiatu chake kilichong'arishwa juu ya pedali ya breki, akakanyaga.

Mguu ukashuka. Ukaendelea kushuka, bila kukutana na kitu, mpaka ukagusa sakafu.

Chini kule bendi ilikuwa imefika katikati ya mteremko, inapiga kwa nguvu zote, na mtoto wa nyuma kabisa, mwenye matoazi, aligeuza shingo kutazama kwa nini gari haliji. Katibu alikuwa anakuja mbio, tai imemrukia begani, anafoka juu ya mgeni rasmi. Mmoja wa wazee wa nyuma alikuwa ameanza kuhangaika na kitasa.

Dereva alikuwa bado ameuweka mguu sakafuni.

"Bosi amekuambia lini?" aliuliza.

Mzee Brashi alitaka kusema sasa hivi. Alitaka kusema asubuhi hii, njiani, nimekuja mbio. Midomo yake ilishajitengeneza.

"Jana," akasema. "Mchana."

Mwanawe akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Akavua kofia, akaiweka kiti cha pembeni. Akafungua mlango wenye nembo, akashuka, akampita baba yake bila kumgusa, akaenda kutafuta jiwe la kuzuia tairi.